Verdicchio kwa Kitimoto

Kabla hujamimina chochote, nusa glasi ikiwa tupu. Najua mtacheka. Hata mimi nilicheka siku Mzee Setimio aliponiamuru ninuse glasi thelathini, moja baada ya nyingine, nikiwa na miaka hamsini na saba na magoti yanayolalamika. Lakini moja ilinuka kabati, na nyingine mbili zilinuka sabuni. "Tungemimina mvinyo humo," akasema, "na mteja angelaumu Italia nzima." Sikucheka tena. Ninyi mnaoanza kazi za mezani kwenye migahawa ya huku Texas, mkiokota kwangu jambo moja, okoteni hilo.

Mimi ni Mama Ndeshi. Kwetu ni Marangu, lakini nilikaa Garland miaka mingi, kwanza kwenye ghala la kupanga maboksi, na mgongo ulipogoma nikaenda kuhudumu kwenye mgahawa mmoja wa Kiitaliano Dallas. Mwenye mgahawa ndiye huyo Setimio, mzee mfupi kutoka mkoa wa Marche, upande wa Italia unaotazama mashariki, baharini. Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Ukivunja sahani anakuuliza kama umejikata. Ukishika glasi kwa tumbo badala ya shina, ananuna hadi mnafunga.

Nitawapa habari za mvinyo mmoja tu, mweupe, unaoitwa Verdicchio. Wenyewe hutamka verdikio. Ni wa huko kwao Setimio, na zabibu zake zililimwa na dada yake mkubwa, Ines. Nimeuuza mvinyo huo kwa watu wa kila aina, na nusura uninyime kitu nilichokitaka kuliko vyote.

Nilichokitaka ni hiki. Binti yangu Ndeshi ni nesi, anakaa Stafford, kule Houston, na anamlea mwanawe Upendo peke yake. Kutoka Garland hadi kwake ni saa nne na ushee za kuendesha gari, na mhudumu wa mgahawa hana wikiendi. Watu wakipumzika ndipo sisi tunapokimbia. Kwa hiyo mjukuu wangu alinijua kama uso wa kwenye simu. Siku moja nilifika kwao mzima mzima na zawadi mkononi. Mtoto akanitazama, akaitazama simu ya mama yake, akakimbilia chumbani. Niliumia, sitawaficha. Kwa hiyo mwaka 2018 Setimio alipotangaza kwamba anafungua mgahawa wa pili Houston na anatafuta mtu wa kusimamia mvinyo, nilisema moyoni mtu huyo ni mimi, ije mvua lije jua.

Lakini nimeruka mbele. Turudi kwenye makosa, maana huko ndiko nilikosomea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa barafu. Nilidhani mvinyo mweupe ni kama soda, kadiri unavyozidi baridi ndivyo unavyozidi utamu. Nikaizika chupa ya Verdicchio kwenye ndoo ya barafu mpaka ikatoa jasho, nikampelekea mwanasheria mmoja aliyekuwa anasherehekea kesi aliyoshinda. Akaonja, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimempa maji. Setimio akanivuta pembeni. "Baridi kali ni blanketi," akasema. "Inafunika kasoro, na uzuri nao inaufunika." Toa chupa kwenye friji, ipe kama robo saa, halafu ishike kwa kiganja. Kiganja kikiuma, subiri kidogo. Ila kiangazi cha huku, kwenye meza za nje, usisubiri hata dakika tano, utampelekea mtu chai.

Kosa la pili lilikuwa pilipili. Walikuja manesi wa Kikenya, dada zangu watano, kumpongeza mwenzao aliyefaulu mtihani. Wakaagiza tambi zenye pilipili kuliko zote, na mimi kwa mapenzi yangu nikawaletea Verdicchio. Mmoja akanywa funda, akaweka glasi chini, akashika koo. "Aki mathe, hii wine inachoma kushinda hiyo pilipili." Nikacheka, lakini alikuwa sahihi. Pilipili na kileo hugombana mdomoni, na mwenye mdomo ndiye anayeumia. Sukari nayo ni adui: mpe mtu keki, kisha mpe mvinyo mkavu, atadhani umemkamulia ndimu. Marafiki wa mvinyo huu ni chumvi, limau na mafuta. Hao nitawarudia.

Kuonja si kunywa. Kwanza tazama: Verdicchio ina rangi ya majani makavu yenye kijani kwa mbali. Zungusha glasi, nusa, pumzika, nusa tena, maana pua huchoka haraka kuliko miguu. Kisha piga funda dogo, lipitishe mdomo mzima, uteme. Kutema kulinishinda wiki nzima. Kwetu mzee akikutemea mate ni baraka, lakini kutema pombe ya mtu mbele yake ni matusi. Setimio akaniambia, "Basi meza, tuone kama utaiona glasi ya kumi." Nikajifunza kutema.

Ukishatema, hesabu hadi kumi kimyakimya. Hapo ndipo mvinyo unaposema jina lake. Verdicchio huanza na limau na tufaha bichi, na ukishadhani imekwisha, unakuja uchungu mdogo nyuma ya ulimi, kama wa lozi chungu. Siku ya kwanza uchungu huo uliponifikia nilikaa chini juu ya boksi. Setimio akadhani nimezidiwa. Wala. Mama yangu alikuwa mpika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kwenye mbege tunatia gome la mti wa msesewe ili utamu wa ndizi usimchoshe mnywaji. Uchungu wa msesewe unakaa palepale. Nilikuwa sijauonja miaka ishirini, na nikaukuta Dallas kwenye chupa ya Mwitaliano. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Setimio alikuwa akiwaeleza wateja habari za maua ya kwao, na watu wa Dallas wakaitikia kwa adabu bila kuelewa kitu. Mimi niliwaambia hivi: unakumbuka ulipokuwa mtoto, umekula pichi, nyama imekwisha na wewe bado unanyonya kokwa? Ule uchungu wa mwisho ndio huu. Huku wamekua na mapichi, na nyuso zao zikafunguka hapohapo. Mweleze mtu mvinyo kwa tunda alilokua nalo, usimweleze kwa tunda la kitabuni. Nililiandika hilo kwenye daftari langu kwa Kiswahili, na daftari hilo lilichafuka mafuta na nyanya mpaka likashindwa kufungwa. Siku hizi orodha ya mvinyo iko kwenye tableti, mteja anagusa anaona picha ya shamba. Sioni ubaya. Pua tu ndiyo bado hawajaiweka humo.

Sasa habari za Houston. Tulioitaka kazi ile tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja aliyesomea mvinyo, ana vyeti na beji ya zabibu kifuani. Mtoto mzuri, ana heshima, aliniita "ma'am" hata tulipokuwa tunagombea bakuli moja. Setimio hakutaka kuamua kwa maneno. Dada yake Ines alikuwa anakuja kutoka Marche kuuona mgahawa mpya kabla haujafunguliwa. Kila mmoja wetu angemhudumia mvinyo wa shamba lake mwenyewe pamoja na chakula kimoja kutoka kwenye menyu mpya. Atakayempendeza Ines ndiye atakayehamia Houston.

Kijana akachukua samaki. Nani asingechukua samaki? Mvinyo mweupe na samaki, hata kipofu anaiona njia hiyo. Mimi nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Stafford jikoni kwa Ndeshi, na chupa tatu kwenye begi.

"Mama, chukua tu shrimp," Ndeshi akaniambia. "Usi-risk. Hospitali wananipa shifti za usiku kuanzia mwezi ujao, nisha-sign. Nani atabaki na Upendo?"

"Kwani sijui?"

"Basi fanya kitu safe."

"Aliyechukua samaki keshachukua safe. Mimi nimebakiwa na vilivyobaki."

Nikapika samaki wa nazi ili nione. Utamu wa nazi ukaufanya mvinyo mwembamba. Nikapika mtori wetu wa ndizi na nyama. Mtori ni laini, na mvinyo ukikutana nao wote wawili wanalala. Siku ya pili mama mmoja wa kanisani kwao akatuletea kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha kuoka, kimebaki kwenye shughuli, na ngozi yake juu imekauka vizuri. Nikatafuna kipande, nikapiga funda. Mdomo ukaoshwa. Uchachu ukachukua mafuta, uchungu wa mwisho ukafunga mlango, na nikajikuta nataka kipande kingine kama mtu aliyeshinda njaa. Hapo nikajicheka. Kwetu nani hula nyama ya mafuta bila mbege? Nilikuwa nalijua jambo hili kabla sijajua kusoma, na nimezunguka dunia nzima kulitafuta. Na kwenye menyu ya Setimio alikuwemo nguruwe wa kuviringishwa, amejazwa vitunguu saumu na shamari, ambaye kila mtu alikuwa anapanga kuwauzia watu pamoja na mvinyo mwekundu.

Siku ikafika. Ilikuwa saa tisa alasiri, mgahawa umekamilika ila kuta zilipakwa rangi juzi yake, na harufu ya rangi ni kitu kibaya kwa mtu anayenusa kwa riziki yake. Nikafungua milango yote, nikasogeza meza karibu na mlango wa nje. Kijana akatangulia na samaki wake. Alifanya vizuri. Ines akala, akatikisa kichwa kidogo, akasema neno moja ambalo hata mimi nilijua ni zuri.

Ikawa zamu yangu. Ines alikuwa bibi wa miaka karibu themanini, mvi tupu, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama vya mama yangu, viganja vya mtu wa shamba. Niliitazama mikono hiyo na nadhani ndiyo iliyoniponza. Setimio alikwisha kunifungulia chupa. Kazi inataka umimine kidogo kwenye glasi yako mwenyewe, pembeni, uonje, ndipo umwendee mgeni. Glasi yangu ile niliisahau jikoni kwa wasiwasi. Nikaona si kitu, nikammiminia Ines.

Kwetu anayepika mbege ndiye anayeonja kwanza. Huchukua kata, hupiga funda mbele ya mgeni, kwenye kata ileile, ndipo humpa kwa mikono miwili. Maana yake ni kwamba humu hamna ubaya, na ukiwepo nimetangulia mimi. Nimeona mama akifanya hivyo mara elfu mbele ya wazee. Na mbele ya bibi huyu mwenye viganja vilivyopasuka, mkono wangu ukatangulia akili. Nikainua glasi yake, nikainama kidogo, nikanywa.

Setimio akafumba macho. Kijana akavitazama viatu vyake. Nilijua kibarua changu kimeota nyasi palepale, maana huku mhudumu akinywa kwenye glasi ya mgeni hana wa kumtetea. Lakini hilo halikuwa kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba mvinyo ulikuwa mbovu.

Haukuwa mbovu wa kutapisha. Limau haikuwepo, tufaha halikuwepo, na nyuma yake palikuwa na harufu ya boksi lililolowa mvua. Hiyo ni kazi ya kizibo kibovu, kinachouharibu mvinyo ndani ya chupa. Hutokea chupa moja moja, na mteja wa kawaida huinywa, husema "nzuri" kwa adabu, na harudi tena kuiagiza. Kisha nikajiuliza, je, si rangi ya ukutani inayonidanganya?

Nitawaambia ukweli, vijana wangu, kwa sababu wazee wengi huwasimulia siku walizokuwa mashujaa tu. Niliamua kunyamaza. Nilishamkosea mara moja kwa kunywa kwenye glasi yake. Nitamkoseaje mara ya pili kwa kumwambia kwamba mvinyo wa shamba lake umeharibika, mbele ya mdogo wake, kwenye mgahawa mpya? Nikamwaza Upendo. Nikamwaza Ndeshi na shifti zake alizokwisha kusaini. Nikaomba radhi, nikabadilisha glasi, nikammiminia tena kutoka kwenye chupa ileile, nikaiweka mbele yake. Niliogopa, na woga ulikuwa na sababu nzuri kabisa.

Ines akanyoosha mkono. Nikaona anakwenda kuunywa kwa sababu mimi nimempa. Nikaweka kiganja changu juu ya glasi.

"Samahani, mama," nikasema. "Hii sikupi. Kizibo kimeiharibu."

"Ni rangi hiyo," Setimio akasema haraka. "Ni ukuta. Chupa nimeifungua mwenyewe."

"Inawezekana ni ukuta, mzee. Lakini simpi."

Ines hakujua Kiingereza ila alijua kiganja. Akauondoa mkono wangu taratibu, akachukua glasi, akatoka nayo nje ya mlango, kwenye hewa. Tulimwona akinusa amesimama juani kwenye maegesho ya magari. Alinusa, akaonja, akatema kwenye nyasi. Akarudi, akamwambia ndugu yake maneno marefu kwa lugha ya kwao, na masikio ya Setimio yakawa mekundu. Kisha akanionyesha kidole chupa nyingine.

Safari hii nilikwenda jikoni nikaleta glasi yangu. Nikanusa, nikaonja, nikahesabu hadi kumi, nikammiminia. Nikamletea nguruwe. Akakata kipande chenye ngozi, akatafuna, akapiga funda, akanitazama. Akakata kingine. Akala mpaka sahani ikaisha, akaipangusa kwa mkate, ndipo akasema. Setimio akatafsiri: dada anauliza nani alikufundisha, kwa sababu nyumbani kwetu sikukuu ya mavuno tunakula hivihivi, nguruwe na mvinyo huu, na wageni hutushangaa. Nikamjibu nimefundishwa na mama yangu. Naye Ines akaitikia kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

Baadaye, kwenye gari, nilimuuliza Setimio dada yake alisema nini ile mara ya kwanza. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. "Aliniuliza," akasema, "kama mimi ningemzuia asiinywe." Taa ikawa ya kijani, akaondoa gari. "Kazi ni yako. Ila ukinywa tena kwenye glasi ya mgeni utarudi Garland kwa miguu."

Nikahamia Stafford, kwenye chumba cha nyuma kwa Ndeshi. Kijana wa beji alibaki Dallas, akachukua nafasi yangu, na hadi leo hunipigia kuniuliza mambo ya pilipili. Nilifanya kazi Houston karibu miaka miwili, na hiyo ndiyo miaka niliyoifurahia kuliko yote. Verdicchio kwa kitimoto tuliiuza kwa watu walioapa hawanywi mvinyo mweupe. Mchana nilikuwa na Upendo, jioni mgahawani, na jirani mmoja wa Kitanzania alitushikia mtoto zile saa tulizopishana mimi na Ndeshi.

Mwaka 2020 ulipoanza kuchanua, ugonjwa ukaja na migahawa ikafungwa. Setimio alitupigia simu mmoja mmoja, akalia kwenye simu yangu, nikambembeleza. Kwangu ndio ukawa mwisho wa kazi. Sikuaga wateja, wala sikufanyiwa sherehe, na sikuona uchungu kama nilivyodhani. Jirani aliyekuwa akitusaidia alijifungia kwake na watoto wake, na shule zikafungwa. Ndeshi peke yake ndiye hakufungiwa. Nesi hafungiwi.

Asubuhi moja alirudi kutoka shifti, akasimama gereji kama kawaida yake siku hizo, ili avue nguo za kazi kabla ya kuingia. Nilikuwa nimekwisha kuweka taulo na maji ya moto. Alama za barakoa zilikuwa zimemkata mashavu. Akaniambia tokea kule, "Mama, usije karibu." Kisha akasema, "Hebu niambie. Ungekuwa Garland sasa hivi, mimi huyu mtoto ningemfanyaje?"

Akakaa kwenye sakafu ya gereji na nguo zake za hospitali, akaanza kulia. Nikataka kumfuata, akanyoosha mkono kunizuia. Basi nikakaa chini na mimi, upande wangu wa mlango, na tukakaa hivyo mpaka Upendo alipoamka akaniita nimpe uji.